Barua Zinazopitia Nabandi

Tena, Nairobi
Jumapili, 12 Januari 2025

Mwanangu Mbugua,

Barua yako ya Krismasi ilinifikia Ijumaa, na leo imesomwa kanisani. Najua hupendi, lakini ndiyo desturi yetu: barua ya mmisionari ni ya kanisa lililomtuma kabla ya kuwa ya mama yake, na mzee wa kanisa huisoma mbele ya watu kabla ya matangazo. Alipofika mahali ulipoeleza vyura wa Mto Uele huko Kongo, kwamba huanza mmoja mmoja kama waimbaji wanaotafuta sauti ya kuanzia, kisha huingia wote pamoja na kumshinda hata mhubiri, watu walicheka. Mimi sikucheka. Katika miaka yangu yote ya ukalimani katika mahakama ya Makadara nilijifunza kumtofautisha aliyeshuhudia jambo na aliyesimuliwa. Wewe uliwasikia vyura wale. Nilifurahi kwa sababu hiyo tu.

Umeandika pia kwamba upepo wa vumbi kutoka kaskazini umeanza, na kwamba bweni lenu limejaa kupita kiasi, kitanda kinagusa kitanda. Je, mmechanjwa dhidi ya magonjwa ya huko? Ulipoondoka Septemba niliona katika kadi yako chanjo moja tu, ya homa ya manjano, ile ambayo maofisa wa mpakani huiulizia. Nijibu kwa sentensi kamili.

Habari za hapa si nyingi. Nalianya, yule binti wa kwaya aliyetumwa Malawi, amerudi baada ya miezi saba. Anasema ni ini. Kila Jumapili mchungaji humwita mbele, humwekea mikono, huwauliza watu kama wanaamini, nao hujibu kwamba wanaamini, kisha binti hurudi kitini akiwa vilevile alivyotoka. Mimi sisemi kitu. Nasema tu kwamba aliyejitolea kwa miaka miwili alipaswa kujua miaka miwili ni nini.

Nyumba imekuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Koki wa ghorofa ya chini amenishauri nifuge paka. Nikamwambia paka hajui Kiswahili. Akasema, "Basi atakufaa, Teresiah. Hutapata cha kumsahihisha."

Misheni imewanyima simu kwa miaka yote miwili, nami siipingi kanuni mliyoikubali kwa hiari. Lakini andika. Na ujitunze, baba. Jina la baba yangu unalo wewe.

Mama yako,
Teresiah Wambui

*

Lucky Summer, Nairobi
Jumamosi, 3 Mei 2025

Ndugu Patrobas,

Ndani ya bahasha hii utakuta bahasha nyingine, ya Mama. Nimeiandika tarehe ya mbele, kwa kukadiria siku itakapokufikia kituoni Nabandi. Tafadhali itie katika mfuko wa ndege ya misheni kama zile mbili zilizotangulia, ili irudi huku kwa njia ya Kampala ikiwa na muhuri wa Kongo. Naujua upuuzi wa jambo hili. Mtu akitoka chumbani kwangu asubuhi kwa miguu, atakuwa mlangoni kwa Mama kule Tena kabla ya chakula cha mchana. Barua yangu kwake huvuka nchi mbili kwanza, na yake kwangu vilevile.

Uliuliza hali yangu. Nitaieleza kwa mpangilio. Miguu: mwanzoni niliyumba kama mlevi, maana ugonjwa uliharibu hata kile kinachomsimamisha mtu wima, sasa natembea vizuri, isipokuwa gizani. Kichwa: hakiumi. Masikio: hakuna kitu. Siwezi kusema ni kimya, kwa sababu kimya nakikumbuka, nacho kilikuwa kitu cha kusikiliza. Daktari wa Kampala aliniandikia kwenye karatasi kwamba homa ya uti wa mgongo huweza kuua masikio kwa siku chache, na kwamba hakuna dawa ya kuyarudisha. Ipo operesheni ya kupachika kifaa ndani ya sikio, lakini ifanywe mapema, kwa kuwa baada ya homa hii mfupa wa ndani huanza kujijaza na kuziba njia. Alinipa rufaa ya kumwona mwenzake wa hapa Nairobi. Kliniki inataka niende na jamaa wa karibu, atakayesikiliza kwa niaba yangu. Rufaa hiyo bado iko chini ya godoro, na mfupa, nadhani, unaendelea na kazi yake.

Nimelitafakari jambo zima bila hasira. Wenzetu wa Brazili walikuja wamechanjwa. Waliowatuma walidai hivyo. Sisi Wakenya wawili tulihesabiwa kuwa wenyeji, kana kwamba mtu aliyekulia Tena amezaliwa na kinga ya Uele. Kisha ukaja mfungo wa Februari, na kwa desturi ya kituo aliyefunga hautaji mwili wake. Kichwa kiliponipasuka niliijua sababu: njaa. Shingo ilipokakamaa niliijua sababu: kupiga magoti. Mwanga uliponiumiza macho nilidhani nimebarikiwa. Kila dalili ilikuwa na maelezo ya kiroho, na yote yalitosheleza, mpaka uliponikuta sakafuni.

Nimepata kazi katika kiwanda cha sweta, Baba Dogo. Mashine za kufuma zina kelele kiasi kwamba wafanyakazi huelekezana kwa mikono na nyusi. Humo ndani sote ni viziwi hadi saa kumi na moja jioni, ndipo wenzangu wanapotoka nje na kupona.

Mwenye nyumba wangu ni Bi Muhiba, mama wa Kimvita mwenye duka la nafaka. Kwa wiki nzima alinisalimu nikampita. Siku moja akanizuia kwa mkono, akachukua kipande cha boksi la sabuni, akaandika: "Kijana, una kiburi au huna masikio?" Nikamwambia sina masikio. Akaandika chini yake: "Afadhali. Kiburi ningekifukuza." Tangu hapo boksi hilo hukaa juu ya kaunta na kalamu yake, na barua zako nazipokea kwake.

Utaniuliza tena kwa nini siendi nyumbani. Misheni iliniachia mwenyewe kuwaarifu watu wangu, nami nilikusudia. Lakini Mama aliniandikia jambo kuhusu binti aliyerudi kabla ya wakati, sentensi moja iliyonyooka, kama zilivyo sentensi zake zote. Na huyo binti huitwa mbele ya kanisa kila Jumapili ili apone. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaanzishia wimbo, Patrobas. Siwezi kusimama pale kila wiki, mikono ya watu ikiwa masikioni mwangu, kisha nirudi kitini nikiwa vilevile.

Ndugu yako,
Mbugua

*

Nabandi, Kongo
20 Mei 2025

Mama mpendwa,

Nakusalimu katika Bwana. Mimi ni mzima na kazi inaendelea. Uniwie radhi kwa kuandika kwa nadra tangu Februari. Shughuli zimekuwa nyingi.

Nilitaka kukueleza kwaya ya watoto. Hupangwa mbele kwa kimo. Mwalimu wao huinua ufito, na midomo yote hufunguka kwa wakati mmoja, kisha hufungwa kwa wakati mmoja, isipokuwa ya mtoto mmoja aliyepoteza jino, ambaye huchelewa kwa sababu hupenda kulionyesha pengo lake. Vumbi hapa ni jekundu, hukaa juu ya nyusi. Jua linapotua, ukuta wa kanisa huwa na rangi ya chungu kilichotoka motoni.

Koki hajambo? Mwambie nami naunga mkono habari ya paka.

Mwanao,
Mbugua

*

Nabandi, Kongo
Alhamisi, 22 Mei 2025

Mbugua ndugu yangu,

Barua ya mama yako nimeituma. Nilipoitia katika mfuko rubani alinitazama, nikamwambia ni barua ya kawaida. Alikuwa hajauliza kitu.

Nimepewa mwenzi mpya wa chumba, Mbrazili mwema anayekoroma mpaka bati linajibu. Kama ungekuwa hapa ungemshukuru Mungu kwa hali yako. Hizo ndizo nafasi unazozikosa.

Baada ya wewe kuondoka waliletwa wauguzi kwa ndege, tukachanjwa sote, hata mpishi, hata fundi aliyekuja kutengeneza jenereta. Bega langu liliuma siku mbili. Lilipokuwa linauma nilikuwa nikilibonyeza makusudi. Sijui kwa nini nakuandikia hili.

Katika mfungo wa mwezi huu, mkuu wa kituo alisema kwamba anayeumwa aseme. Watu walitazamana. Nikasema naumwa tumbo, ingawa haliumi, ili mtu awe wa kwanza. Nikapewa uji wa mtama mbele ya wote, nikaula peke yangu na kila mtu akitazama kijiko.

Fikiria jambo moja. Mimi niko mbali na mama yangu aliyeko Busia kwa sababu ya mipaka na kanuni. Wewe uko mbali na wako kwa sababu gani? Kiti chako kanisani hapa wamekiondoa, nami ndiye niliyeombwa kukibeba.

Ndugu yako katika Bwana,
Patrobas Wandera

*

Tena, Nairobi
Jumatatu, 16 Juni 2025

Mwanangu Mbugua,

Barua yako ya Mei imefika. Imesomwa kanisani, watu wamesema amina, nami nimerudi nayo nyumbani na kuipanga mezani pamoja na nyingine zote kwa tarehe. Nataka kukueleza nilichokiona. Usinikatize.

Hadi mwisho wa Januari barua zako zimejaa sauti. Vyura. Mpishi anayewakemea kuku kwa Kilingala. Mvua juu ya bati ikikunyamazisha katikati ya mahubiri. Jenereta inayokohoa kabla ya kuzima. Wewe umekuwa mtu wa masikio tangu utotoni. Ulikuwa ukiniambia ni nani anayepanda ngazi kabla hajafika ghorofani kwetu, na hukuwahi kukosea. Kisha kuna pengo, unaloliita shughuli nyingi. Baada ya pengo hilo hakuna sauti hata moja. Katika barua hii unaieleza kwaya: kimo cha watoto, midomo yao, ufito wa mwalimu, jino lililong'oka. Wanaimba nini? Hukusema. Aliyeongoza kwaya tangu kidato cha pili ameieleza kwaya kama mtu aliyeitazama kupitia kioo.

Nilipata kumkalimania shahidi aliyeeleza mavazi ya kila mtu katika ugomvi na asitaje neno hata moja lililotamkwa. Hakimu alimwuliza alikuwa amesimama umbali gani. Mimi nakuuliza swali jingine. Mbugua, masikio yako yana nini?

Jambo la pili ni dogo, na nalitaja kwa kuwa sina mwingine wa kumweleza. Jumapili ya tarehe nane, alasiri, mtu alibisha hodi mlangoni kwangu. Sauti ilifanana na yako, ila ilikuwa kubwa mno, kama ya mtu anayemwita aliye ng'ambo ya barabara. Nilikuwa chumbani nimejinyoosha. Niliitika karibu. Akabisha tena. Niliitika karibu mara tatu kwa jumla, ya mwisho kwa sauti ambayo sijaitumia tangu nistaafu, huku nikitafuta ndara chini ya kitanda. Nilipofungua, hapakuwa na mtu. Nilishuka hadi kwa Koki. Akasema, "Teresiah, umeanza kuwasikia watu wasiokuwepo. Acha habari ya paka, sasa utafutiwe mume." Tulicheka. Nilipopanda nikauacha mlango wazi hadi giza lilipoingia, bila sababu ninayoweza kuitetea. Ushahidi huo nimeuweka kando. Haukubaliki, mwenye sauti hiyo yuko Kongo.

Kwa kuwa najua utanijibu vizuri na hutajibu swali, nimeamua kuja mwenyewe. Pasipoti nimepata, chanjo ya homa ya manjano nimechomwa. Tarehe 25 Agosti nitapanda basi kwenda Kampala. Watu wa misheni niliowaandikia kuomba nafasi katika ndege hawajanijibu, lakini watanikuta nimekaa ofisini mwao.

Mama yako,
Teresiah Wambui

*

Lucky Summer, Nairobi
Jumatatu, 21 Julai 2025

Ndugu Patrobas,

Barua ya Mama uliyonitumia imefika leo. Niliifungua nikiwa nimesimama dukani, kisha nikaomba kiti.

Kuna jambo nililokuficha. Tarehe nane Juni nilikwenda Tena. Nilivaa shati safi, nikapanda ngazi zetu, na mbele ya mlango nikafanya kama nilivyofundishwa tangu nijue kusimama: nikasema hodi, nikangoja. Katika nyumba yetu hata mtoto wa nyumba haingii mpaka aitikiwe; Mama alikuwa ameona wapekuzi wa kutosha katika kesi zake, na hakutaka mtu aingie kwake kwa namna hiyo. Nikasema tena hodi. Nikaweka kiganja juu ya mbao nikidhani nitahisi hatua zake. Sikuhisi kitu. Ama hayupo, ama yupo na anauliza ni nani, ama amenitambua na amenyamaza. Kati ya hayo matatu nililichagua la tatu. Nilikumbuka alivyomwandika Nalianya, nikashuka ngazi. Nilipita mbele ya mlango wa Koki nikiwa nimeinamisha kichwa kama mwizi.

Sasa ananiandikia, kwa njia ya Kongo, kwamba aliitika mara tatu.

Jibu la hodi yangu limechukua wiki sita kunifikia, na siku ile lilikuwa upande wa pili wa ubao.

Bi Muhiba alinitazama, akavuta boksi lake. "Nani amefariki?" Nikamwambia hakuna, kuna mtu aliniitikia. Nadhani nilisema kwa sauti kubwa, maana mteja aliyekuwa akipimiwa maharage aligeuka. Bi Muhiba akaandika: "Basi nenda." Nikamwambia si jambo rahisi. Akaandika kwa muda mrefu, akiitia wino kila herufi: "Nimepangisha waliokimbia polisi na waliokimbia wake zao. Wewe ni wa kwanza kumkimbia mama."

Lakini sijawa tayari. Mama akishajua, kanisa litajua, na Jumapili inayofuata nitaitwa mbele. Kwa hiyo nimeambatanisha barua yake nyingine. Nimemwambia kwamba nimehamishiwa ndani zaidi, mahali ambapo ndege haitui, na kwamba asije. Itume haraka. Nahitaji muda tu.

Mbugua

*

Nabandi, Kongo
Jumatano, 6 Agosti 2025

Mbugua,

Barua ya mama yako nakurudishia. Sitaituma.

Zile tatu nilizozituma nilijipa moyo kwa hoja hii: hakuna sentensi ndani yake iliyo ya uwongo. Watoto wa kwaya uliwaona. Vumbi ulilijua. Uwongo ulikaa juu tu, kwenye mstari wa mahali na tarehe, nami niliuona kuwa mdogo kama kifuniko cha chupa. Hii ya nne ni ya uwongo kutoka mstari huo hadi jina lako. Na haitamzuia. Nimezisoma barua zako za zamani ulizoziacha hapa, zile alizokuandikia yeye. Mwanamke huyo hazuiliwi na mahali ambapo ndege haitui. Atapanda basi, atafika Kampala, na karani asiyemjua atamweleza mbele ya wageni kwamba mwanawe hayupo Kongo tangu Machi. Hiyo ndiyo karibu unayomwandalia.

Isitoshe, mimi tarehe 28 narudi Busia, muda wangu umekwisha. Baada ya hapo barua zako hazitakuwa na njia.

Unaogopa kuitwa mbele. Nimelifikiria hilo usiku na mchana kama ndugu yako, na naona umelikosea. Mtu wa pekee katika kanisa lile mwenye udhuru wa kutosimama anapoitwa ni wewe. Watakuita, nawe utakuwa unaangalia dirishani.

Na ule mfupa uliouandika Mei hauna subira kama yangu. Umeutaja mara moja tu na hujautaja tena. Mimi sijausahau.

Chukua karatasi safi. Juu yake andika Lucky Summer.

Patrobas

*

Lucky Summer, Nairobi
Jumanne, 19 Agosti 2025

Mama,

Kabla hujasoma mengine, tazama mahali nilipoandikia. Sikukosea.

Ulitaka sentensi kamili. Hatukuchanjwa ila homa ya manjano. Mwezi wa Februari, katika mfungo, niliugua homa ya uti wa mgongo, nikapelekwa Kampala kwa ndege, nikapona. Masikio yangu hayasikii kitu chochote, na hayatasikia yenyewe tena. Niko Nairobi tangu Machi. Barua zote ulizopokea tangu Aprili niliziandikia hapa, nikamwomba Patrobas Wandera azipitishe Nabandi. Yeye usimlaumu, ndiye aliyekataa kuendelea. Nafanya kazi kiwandani, nalala chumba cha nyuma ya duka la Bi Muhiba, nakula vizuri. Ninayo rufaa ya kliniki ambayo sijaitumia, kwa kuwa wanataka jamaa wa karibu.

Usiende Kampala.

Aliyebisha hodi tarehe nane Juni nilikuwa mimi. Sikukusikia ulipoitika. Nilidhani umenitambua na umeamua kunyamaza, kwa sababu nimerudi kabla ya wakati, kama yule mwingine. Sasa najua sivyo, lakini nilishuka ngazi nikiwa naamini hivyo, na tangu siku ile sijaweza kuzipanda tena.

Barua hii inaletwa na mwendesha bodaboda wa Bi Muhiba. Ameagizwa asiondoke mpaka uishike mkononi.

Mwanao,
Mbugua

*

Tena, Nairobi
Jumatano, 20 Agosti 2025

Mwanangu,

Barua yako ilifika jana saa kumi alasiri, ya kwanza tangu uondoke Septemba ambayo haikupitia Kongo. Niliisoma nikiwa mlangoni, kijana wa bodaboda akinitazama. Aliniuliza, "Mathe, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Yaliyofuata baada ya yeye kuondoka hayahusiki hapa.

Nina mambo machache. Barua hii haitasomwa kanisani, wala yako. Nimemwambia mzee wa kanisa kwamba mwezi huu hakuna barua ya mmisionari, naye akataka kujua sababu, nami nikamtazama mpaka akaacha kutaka. Siku utakayopenda kuja kanisani utaketi upande wa ukuta, nami nitaketi upande wa njia. Atakayetaka kukuwekea mikono atanipita mimi kwanza.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Nalianya. Ini lake ni kweli. Ana dawa nyingi kuliko mtu wa umri wangu, na alikuwa hajatembelewa na mtu wa kanisa isipokuwa wale waliokuja kumwuliza kama ana imani. Nilimpikia. Nilikaa mpaka akalala. Nimeahidi kurudi.

Tarehe 25 ni Jumatatu. Siku niliyokuwa niende Kampala tutakwenda kwenye kliniki hiyo. Jamaa wa karibu ni mimi. Nimeyatafsiri maneno ya watu wasionihusu miaka mingi, bila kuongeza wala kupunguza; maneno ya daktari mmoja nitaweza kukuandikia. Kama atasema tumechelewa, nitaliandika hilo pia. Nawe hutanificha uso unapolisoma.

Kuhusu ile sauti. Niliitambua. Niliitambua kabla hujamaliza neno, nikaikataa, kwa sababu karatasi mezani ilisema uko Kongo. Nimewaona mahakimu wakifanya hivyo, na nilikuwa nikiwahukumu moyoni.

Koki ndiye anayekuletea barua hii. Alitaka kukukamata kwa shati na kukuleta leo leo; alikwisha funga leso kiunoni. Nimemkataza. Nimemwambia kwamba ulizipanda ngazi hizi mwenyewe mara moja na utazipanda tena mwenyewe. Akasema mimi ni jiwe. Huenda. Lakini ameahidi kukukabidhi na kurudi, na kama atakushika mkono, ujue amevunja ahadi, nami sitamchukulia hatua.

Njoo Jumamosi. Njoo mchana, kwa sababu ya miguu yako. Taa ya ngazini bado haijatengenezwa. Kitanda chako nimekitandika.

Ukifika, usibishe hodi. Ukibisha utasimama tena pale ukingoja kitu ambacho hakitakufikia, na mimi sitaki usimame pale hata kidogo. Mlango utakuwa wazi tangu asubuhi. Nimeuegemezea kiti chako usijifunge kwa upepo. Kisogeze, uingie. Karibu yako niliitamka tarehe nane Juni, mara tatu, na sijaiondoa.

Mama yako,
Teresiah